Na yule wa chama kile naye ni mwenye nchi

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 kila nikikaa na watu lazima swali la uzalendo litoke. Ofisini, kwenye daladala, msibani, kwenye grupu la ukoo. Aliyetoka barabarani siku ile anaambiwa si mzalendo, katumwa, kalipwa. Aliyebaki ndani au aliyekwenda kupiga kura yake akarudi nyumbani kimya naye anaambiwa si mzalendo, kaiuza nchi kwa kofia na tisheti. Intaneti ilizimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, watu wakafa, na mtandao uliporudi tukarudi nao kwenye hilohilo, nani mzalendo nani msaliti, tena kwa matusi ambayo ukiyasoma unajiuliza hivi hawa watu walisoma skuli moja au vipi.

Mi nimezaliwa Wete, Pemba, sasa hivi naishi Dar. Nikisikia mazungumzo ya aina hii mwili unanisisimka maana nayajua, nimekulia ndani yake, nimeyalia na kuyanywea chai. Sisi Zanzibar tumenyoosheana vidole hivyo kwa zaidi ya miaka sitini, na tumelipa kwa roho za watu. Tumejaribu pia kutoka humo, mara tumefanikiwa mara tumeanguka, na naona ndugu zetu wa bara wanaanza kuishika njia ileile tuliyopita sisi. Kwa hiyo naomba niongee kwa kirefu kidogo kuhusu kwetu.

Ninachoamini nakisema mapema ili mtu asihangaike kukitafuta. Kuipenda bendera ni rahisi, hapo wote tunafaulu, hata mwizi wa mali ya umma anasimama wima wimbo wa taifa ukipigwa. Uzalendo wa mtu mi nautazama kwa namna anavyomtendea yule asiyekubaliana naye, hasa siku ambayo yeye ndo mwenye nguvu na mwenzie hana kitu. Kama siku hiyo bado anamhesabu mwenzie kuwa ni mwenye nchi sawasawa na yeye, huyo namwita mzalendo, awe chama gani.

Historia yetu naipitisha haraka. Januari 1961 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa viti 22, chama cha ASP (Afro-Shirazi, ambacho baadae kiliungana na TANU kikawa CCM) wakapata 10, ZNP (ambao wazee mpaka leo wanawaita Hizbu) wakapata 9, na chama kidogo cha ZPPP wakapata 3. Kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa tofauti ya kura moja. Kura moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa Hizbu mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11, nchi ikashindwa kuunda serikali. Juni mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi mwingine na zikazuka fujo, watu 68 wakauawa, majirani wakichinjana na majirani. Julai 1963 ASP wakapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, serikali wakaunda wengine. Uhuru Desemba 10, 1963, Mapinduzi Januari 12, 1964. Yote yaliyofuata, yale ya fahari na yale ambayo wazee wanayasema kwa sauti ya chini, yanatoka kwenye ule mgawanyiko wa nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu, hapo ndo pazito pa siasa zetu. Ukisema nusu ya watu si wazalendo maana yake unasema nusu ya nchi si ya nchi. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani, CUF, asilimia 49.8. Sasa hapo utamfukuza nani? Utamhamishia wapi?

Lakini tulijaribu, wallahi tulijaribu. Kilichotokea Pemba baada ya 1995 watu wa nje hawakijui vizuri kwa sababu hakikuandikwa sana magazetini, si cha bunduki, ni cha kususiana. Nawapa mfano wa nyumbani kwetu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na vyote viwili. Baba na mama CUF, ami yangu, mdogo wake baba, CCM kindakindaki, wa kadi na wa moyo. Ami alikuwa na duka, duka la kawaida la mtaani, mchele, sukari, mafuta ya taa, biskuti za watoto, sabuni za kufulia. Kabla ya uchaguzi ule ukitumwa kununua kitu unakwenda kwa ami, huna hata haja ya kuambiwa. Baada ya uchaguzi watu wakaanza kulipita. Hakuna mkutano uliofanyika, hakuna tangazo, ila mtu anatoka nyumbani kwake analipita duka la ami lililo hatua ishirini anakwenda mpaka kule barabara kuu kununua kibiriti. Ami anakaa mlangoni anawaona wote. Wengine ni watoto aliowapa pipi tangu hawajajua kutembea, wanapita wanageuza uso upande wa pili. Ikafika watu wakaachana kwenye gari za abiria, hii ya CCM hii ya CUF, kuna misikiti mtu hamfuati imamu wa chama kingine, kuna ndoa zimevunjika, na mbaya zaidi ikafika kwenye maziko.

Alikufa mama mkwe wake ami. Sasa mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua uzito wake, kwetu maziko ni fardhi, mtu unaweza kuwa na ugomvi na mtu miaka kumi lakini akifiwa unakwenda, unashika jeneza, ugomvi mtaendelea nao baadae. Watu hawakwenda. Wanaume waliobeba jeneza walikuwa wachache mno, wakawa hawana wa kuwapokea, maana jeneza kwetu linapokewa mkono kwa mkono hata mwenye kufiwa hachoki, siku ile waliobeba kutoka nyumbani ndio hao hao waliofika nalo makaburini. Mama yangu alikwenda msibani, akakaa na wanawake wachache waliokuwepo, akapika, akaosha vyombo. Aliporudi wakaja akina mama wa mtaa kumsuta, wakimuuliza imekuwaje anakwenda kwa wale watu. Mama akawajibu, "Mie nimekwenda kuzika, sikwenda kupiga kura." Wakaondoka wamenuna na wengine hawakumsemesha kwa muda mrefu.

Mama yangu hakuacha CUF. Mikutano alikuwa anakwenda, anarudi sauti imemkauka. Alikuwa anaamini kabisa kwamba chama chake kimedhulumiwa na hilo hakulipunguza hata chembe mbele ya ami, wakikutana wanabishana mpaka chai inapoa. Lakini alikataa kukubali kwamba ami si mtu wa Pemba, si mtu wa Zanzibar, si ndugu. Mi mzalendo wangu wa kwanza ni yeye.

Na upande wa pili sasa, kwa sababu nisije nikaonekana nasema waliokosa ni wale wa CUF waliosusa tu. Aliyesusa alikuwa na kopo lake la sukari, upande wa pili walikuwa na serikali. Kwetu kuna mtu anaitwa sheha. Sheha ni ngazi ya chini kabisa, ofisi yake mara nyingine ni baraza ya nyumba yake, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, watu hawamchagui. Lakini mkononi mwake kuna funguo ya kila kitu. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi unaanzia kwa sheha akuthibitishe, na bila kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura, mara nyingine hata kazi hupati. Afu sheria ya uchaguzi ilitaka uwe umeishi jimboni miezi 36 mfululizo, na wa kusema umeishi au hukuishi ni huyohuyo sheha.

Kaka yangu mkubwa alikwenda kwa sheha wetu (simtaji, Mungu amrehemu, ameshatangulia mbele ya haki) kutaka fomu. Sheha anamjua kaka yangu, alikula biriani ya harusi yake, alimwona akicheza mpira kiwanjani tangu mdogo. Akamtazama akamwambia hamjui. Kaka akadhani utani, akacheka. Sheha akarudia, mimi sikujui wewe, lete mtu anayekujua. Kaka akaleta shahidi, shahidi akaambiwa naye hajulikani. Akaenda na cheti cha kuzaliwa, akaambiwa cheti hakioneshi unaishi wapi. Akaambiwa njoo kesho, kesho ofisi imefungwa. Siku ya uandikishaji ikapita. Kaka yangu ni mtu mzima, ana mke na watoto, amezaliwa pale, babu zake wamezikwa pale, na hakupiga kura. Sijui kama mtu wa bara anaweza kuelewa maumivu ya mtu anayekujua kukutazama usoni akasema hakujui. Ni kama kufutwa. Na yule sheha, nina hakika, akiulizwa angesema anailinda nchi, anayalinda Mapinduzi.

Sasa nirudi Januari 2001. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, ukarudiwa majimbo 16 ya Unguja, CUF wakaukataa, wakaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari. Tarehe 26 damu ilianza kumwagika Unguja, pale msikitini Mwembetanga, na 27 Pemba ikawaka, Wete, Micheweni, Chake. Human Rights Watch walisema waliouawa ni wasiopungua 35. Watu kama elfu mbili wakapanda mashua na ngalawa wakavuka mpaka Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi wa nchi zinazotuzunguka, mara ya kwanza ikawa yenyewe imetoa wakimbizi. Oktoba mwaka huo CCM na CUF wakatia saini Muafaka wa pili, yaani mapatano (wa kwanza ulikuwa Juni 1999 na haukutekelezwa), afu Rais Mkapa akaunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita kuchunguza mauaji yale. Fidia na makosa ya siku ile yakazungumzwa kwenye karatasi, lakini ukienda Micheweni leo ukakaa na waliofiwa watakwambia wenyewe kama moyo wao umetulia.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mi nikiifikiria bado nafarijika.

Novemba 5, 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar. Fikiria hao ni nani. Huyu mtoto wa muasisi wa Mapinduzi, mzee Abeid Karume. Na huyu alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984, akafukuzwa CCM 1988, akawekwa ndani kuanzia 1989 mpaka 1991, chama chake miaka yote hiyo kikigoma kumtambua Karume kuwa rais. Hakuna mzungu aliyekaa katikati, hakuna Jumuiya ya Madola kama ile ya 1999. Wazanzibari wenyewe. Siku mbili baadae Maalim akasimama kwenye viwanja vya Kibandamaiti kuwaambia watu wake kwamba sasa wanamtambua Karume, na watu wake mwenyewe wakaja juu, wakapiga kelele za kukataa. Mtu ambaye akisema kaeni wanakaa, akisema simameni wanasimama, siku ile hawakumsikiliza. Hakurudi nyuma.

Ikaundwa kamati ya watu sita, watatu wa huku watatu wa kule, na kwenye maridhiano hayo alikuwepo mzee Hassan Nassor Moyo, mtu wa ASP na Mapinduzi tangu siku ya kwanza. Julai 31, 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa, ikawekwa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ambayo inakwenda kwa chama cha pili. Na uchaguzi wa Oktoba 31, 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akapata kura 179,809, Maalim Seif 176,338. Piga hesabu mwenyewe, ni kura 3,471 kati yao. Miaka iliyopita kwa tofauti kama hiyo tungeshazika watu. Mwaka ule nilikuwa Unguja, nikitembea usiku Darajani mpaka Jaws Corner, watu wanakunywa kahawa, wanabishana kwa sauti, wanacheza bao, hakuna gari la deraya, hakuna anayekimbia. Kitu kidogo hicho, kutembea usiku baada ya matokeo kutangazwa. Kwa mtu wa umri wangu kilikuwa kitu kikubwa sijui nikiseme vipi.

Pemba nako watu wakaanza kurudi dukani kwa ami. Taratibu, kwanza watoto, afu wakubwa. Hakuna aliyeomba msamaha, kwetu hatuna sana mtindo huo, mtu anakuja anauliza bei ya mchele huku akiangalia chini, ami anampimia, anamwongeza kidogo, basi.

Nilichojifunza 2010, na nakishikilia mpaka leo, ni kwamba Karume hakuwa CUF na Maalim hakurudi CCM. Hakuna aliyefuta dai lake. Watu wanaosema tuweke siasa pembeni tuwe wamoja huwa siwaelewi, kwa sababu mara nyingi wanaosema hivyo ni wale ambao siasa ilivyo inawanufaisha. Mtu ambaye kadhulumiwa kura akiambiwa aweke siasa pembeni maana yake anaambiwa aache alichodhulumiwa. Kinachowezekana ni kukaa meza moja kila mtu na dai lake mkononi, na kukubaliana kitu kimoja tu kwanza, kwamba hakuna atakayemtoa mwenzie nchini. Mengine yatabishaniwa.

Na meza hiyo inavunjika upesi. Oktoba 28, 2015, siku tatu baada ya kura, wakati majimbo mengi matokeo yameshatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar Jecha Salim Jecha alitokea kwenye televisheni akasema uchaguzi wote umefutwa. CUF wakagoma marudio ya Machi 20, 2016, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofika kiwango cha katiba, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki wazi kwa zaidi ya miaka minne. Wale waliosimamia maridhiano ndani ya CCM nao walishalipa, Mansoor Yussuf Himid alifukuzwa chama 2013, mzee Moyo akafukuzwa Aprili 2015, mzee wa Mapinduzi, umri ule, anafukuzwa kwa sababu anaongea na wapinzani. Mi lile liliniuma kuliko hata kura kufutwa. Kura inaweza kufutwa na mtu mmoja lakini ukimwonesha kila kijana wa CCM kwamba anayezungumza na mpinzani mwisho wake ni huu, umefunga milango mingi sana kwa wakati mmoja.

Agosti 2016 akafariki mzee Aboud Jumbe, rais wa pili wa Zanzibar. Mazikoni Dk. Shein akampa mkono Maalim Seif, Maalim hakuupokea. Mnakumbuka video ile ilivyosambaa. Nchi ikagawanyika juu ya mkono. Rais Magufuli alipokuja Zanzibar mwezi uliofuata akalisema hadharani tena kwa ukali. Mimi siku ile, nikiwa mtoto wa mama yule aliyekwenda kuzika, niliumia kwamba imetokea mazikoni. Lakini pia nilikasirika kuona watu walionyamaza kura za watu laki kadhaa zilipofutwa ndio hao waliopata sauti ya kulaani mkono ambao haukutolewa. Kumtaka mtu akusalimie vizuri wakati umeshika haki yake mfukoni si kuitafuta amani ya nchi.

Halafu ikaja 2020, mimi sijui kama kuna mwaka umenitesa kiakili kama ule. Siku ya kura na ya kabla yake Pemba watu walipigwa risasi, wakafa. Maalim mwenyewe, sasa akiwa chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo, alikamatwa. Dk. Hussein Mwinyi wa CCM akatangazwa kwa asilimia 76. Na Desemba, damu haijakauka, ACT wakaamua kuingia kwenye serikali ya umoja, Maalim akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza Desemba 8. Simu yangu iliwaka kutwa nzima. Kaka yangu, yule aliyeambiwa hajulikani, alinipigia akiwa na hasira mpaka anashindwa kumaliza sentensi, akaniambia hawa wakubwa wanakwenda kula na sisi tunazika. Ami naye akanipigia, mzee sasa, akaniambia Seif kafanya kitu kikubwa, na sauti ilikuwa inatetemeka.

Ukiniuliza mimi nasema wote wawili walikuwa na haki, na sisemi hivyo ili nisikosane na mtu. Kaka ana haki kwa sababu maridhiano yanayofanyika juu wakati chini hakuna aliyeulizwa nani alipiga risasi, nani aliamuru, hayo yanawaweka waliofiwa mahali pabaya kuliko walipokuwa, sasa hata chama chao hakiwezi kupiga kelele sana maana kimo serikalini. Na ami ana haki kwa sababu mzee wa miaka 77 aliyefungwa, aliyenyimwa mara zote sita anazoamini alishinda, angeweza kuondoka na kinyongo chake akasema shauri yenu, na vijana wa Pemba wangemfuata kokote ambako angewapeleka. Aliwapeleka kwenye meza. Februari 17, 2021 akafariki, hajakaa ofisini hata miezi mitatu. Rais Mwinyi akatangaza maombolezo ya siku saba, jeneza likapita Unguja watu wamejaa barabarani, wa vyama vyote, likaenda kuzikwa kwao Mtambwe. Siku ile jeneza halikukosa wa kulipokea.

Aliyechukua nafasi yake ni Othman Masoud Othman, na yeye naye ana kisa ambacho vijana wangepaswa kukijua. Mwaka 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, mteule wa rais, akiwa kwenye Bunge Maalum la Katiba Dodoma. Ilipokuja kura ya rasimu akapiga hapana kwenye vifungu alivyoona vinaiumiza Zanzibar, kwa kura ya wazi, mbele ya wote, ikabidi walinzi wamtoe ukumbini kwa usalama wake. Baada ya muda mfupi akaondolewa kwenye kazi. Aliitwa msaliti mwaka ule. Sasa ukae ufikirie, mwanasheria wa serikali aliyeapa kuilinda katiba anasoma vifungu anaona vina tatizo, anasema vina tatizo, huyo ndo msaliti, na aliyeona tatizo hilohilo akanyamaza kwa ajili ya kiti ndo mzalendo? Mi nakataa.

Na bara msidhani hamna urithi wa kitu hiki. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi 1991 kuuliza watu, kama asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, asilimia kama 20 ndo waliotaka vyama vingi. Serikali ikawasikiliza wale asilimia 20. Mwalimu Nyerere aliunga mkono hilo, na vyama vingi vikaruhusiwa kisheria Julai 1, 1992. Chama kimoja kilichoshika kila kitu, kikiwa na jibu la wengi mkononi, kilikubali kwamba wachache nao wana haki ya kuwa na pa kusemea. Najua kilikuwa na sababu zake, upepo wa dunia ulikuwa umebadilika, lakini bado kilifanyika. Sasa miaka zaidi ya thelathini baadae Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini wakati wa kampeni na chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na mtu akiuliza anaambiwa hana uzalendo. Zanzibar tulishakuwa na kesi ya uhaini ya wanachama 18 wa CUF, walikamatwa kuanzia 1997 wakakaa ndani mpaka Novemba 2000 ndo wakaachiwa bila kutiwa hatiani. Walirudi wakaendelea kuishi palepale na waliowakamata, wakikutana sokoni. Mnaifunga nchi fundo gumu ambalo mwishowe itabidi mlifungue tena kwa mikono yenu.

Najua kuna watakaoniambia kwamba mi ni Mpemba, lazima niongee hivi, ni CUF wa zamani nimejificha. Na kuna wa kwetu watakaosema nimelainika kwa kukaa Dar. Ami yangu bado ni CCM, kaka yangu bado ana hasira, na Ramadhani tukijaaliwa tunafutari wote nyumba moja kwa mama, na ubishi unaanza kabla hata ya tende kuisha. Hakuna aliyewahi kumbadilisha mwenzie. Na kuna kitu kimoja tu ambacho wote watatu, mama, ami na kaka, wamekubaliana bila mimi kuwaambia: sheha achaguliwe na watu wa shehia yake, kwa kura, na kitambulisho cha mtu kisipite mkononi mwa mtu wa chama chochote. Ami ndo aliyelisema kwanza. Anasema ana wajukuu sasa, hawa wa huku na hawa wa kule, na hajui nani atakuwa sheha wao. Hilo mi nalipeleka kwa mwakilishi wetu kwa maandishi, na majina ya wote watatu yatakuwa chini ya barua.